Unga wa Majani Hauwezi Kuwa Kivuli

Novemba ya mwaka juzi nilichangia kifo cha mtamba wa shangazi yangu. Sikumpiga wala sikumnyima maji. Nilikuwa mbali naye, mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka Milanzi. Nilichangia kwa ushauri. Shangazi alinipigia simu jioni moja, na baada ya salamu ndefu kama ilivyo ada yake akaniambia, "Baba, yule mtamba wako anahema mno. Udenda unamtoka, na majani hayataki." Mtamba alikuwa wake, ila kwa kuwa nilichangia fedha za kumnunua alizoea kumwita wangu. Nikamuuliza hali ya hewa ikoje. "Jua kali, mwanangu. Mvua zimechelewa, na bati la banda ukiligusa linaunguza." Hilo likanitosha. Siku chache kabla nilikuwa nimesoma makala mbili tatu kuhusu msongo wa joto kwa ng'ombe wa maziwa, na kichwa kilikuwa kimejaa. Nikaamua kuwa ni joto. Kesho yake nikanunua mfuko wa unga wa mimea, wenye picha ya ng'ombe mnene wa madoa na maandishi yaliyosema kwamba unga huo hupunguza joto la mwili, nikamkabidhi kondakta wa basi la Sumbawanga.

Unga ulifika. Shangazi aliuchanganya na pumba za mahindi kama nilivyomwelekeza, siku tatu mfululizo. Siku ya nne alipita jirani, mzee aliyefuga maisha yake yote, akampapasa mtamba chini ya sikio na mbele ya bega, akasema, "Mama, hili si joto. Hizi tezi hukuziona?" Ilikuwa ndigana kali. Dawa yake ipo, tena hufanya kazi vizuri ikiwahi. Ilipopatikana haikuwahi. Mtamba alikufa alfajiri ya siku ya sita, povu likiwa puani. Shangazi hakunilaumu. Alisema tu, "Ulitaka mema, baba," nami maneno hayo yalinichoma kuliko lawama.

Ninaanza na aibu yangu kwa sababu nataka kuzungumzia jambo ambalo limekuwa likipata mashabiki wengi, wakiwamo watu ninaowaheshimu: nyongeza za chakula zitokanazo na mimea, zinazosemekana kuwasaidia mifugo kuhimili joto. Sizipingi kwa ujumla. Baadhi yake nina imani nazo, kama nitakavyoeleza. Ninachokipinga ni nafasi tunayozipa katika fikra zetu za kisiasa, yaani namna mfuko wa unga unavyoweza kusimama mahali pa mti, josho, bomba la maji na afisa ugani, halafu bili ikaenda kwa mfugaji.

Lakini kwanza, je, Milanzi kuna joto? Msomaji anayeijua Sumbawanga atacheka. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na anayeshuka basi hapo Juni au Julai usiku hukumbuka koti lake lililobaki nyumbani. Ufipa wa juu ni nchi ya baridi na upepo, nyasi tupu hadi macho yachoke, miti michache. Mtu wa Dar es Salaam akisikia ng'ombe wa Ufipa anasumbuliwa na joto atadhani ni mzaha.

Si mzaha, ila jibu lake lina masharti. Wataalamu hupima joto la ng'ombe kwa namba moja inayounganisha joto la hewa na unyevunyevu wake. Kwa miaka mingi walishika namba 72 kuwa mpaka ambao ng'ombe wa maziwa akiuvuka huanza kupunguza kula na kutoa maziwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona wakaushusha hadi 68 kwa ng'ombe wanaotoa maziwa mengi. Sitini na nane ni kama nyuzi 22 katika hewa yenye unyevu wa asilimia 50. Sabini na mbili ni kama nyuzi 25. Mchana wa Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashika, Milanzi huvuka hapo bila shida. Ng'ombe wetu wa asili, mwenye nundu na ngozi iliyolegea, hajali sana. Chotara wa Friesian anajali, na kadiri damu ya kizungu inavyozidi ndivyo anavyojali zaidi. Hata hivyo ng'ombe wa lita nane kwa siku si ng'ombe wa lita 35 wa Arizona: joto analolizalisha mwenyewe mwilini ni dogo, na usiku wa Ufipa humpoza. Ng'ombe anayepata saa nyingi za usiku wa baridi hulipa deni la mchana.

Kwa hiyo joto la Milanzi ni la saa chache na la miezi michache, na kwa sehemu kubwa tumelijenga wenyewe. Banda la shangazi lilikuwa na bati lililo chini kiasi cha kugusika, kuta za matofali pande tatu, na mlango mmoja uliotazama machweo. Tulilijenga hivyo kwa sababu ya baridi ya Julai na wezi wa usiku. Hakuna aliyefikiria Novemba.

Ni vema pia tuelewe kinachotokea ndani ya mnyama. Ng'ombe ni tanuri linalotembea. Tumboni mwake majani huchachushwa na vijidudu usiku na mchana, na uchachu huo hutoa joto. Majani yakiwa makavu na magumu, kama mabua ya mahindi tunayowalisha mwishoni mwa kiangazi, joto hilo huwa kubwa kwa kila kiasi cha lishe anachokipata. Hewa ikiwa ya moto anashindwa kulitoa. Basi anapunguza kula ili azimishe tanuri, na maziwa yanapungua. Anasimama badala ya kulala ili upepo umpitie. Anahema. Akihema sana anapoteza hewa ya ukaa iliyo kwenye damu, na udenda unaomwagika chini unakwenda na magadi ya asili ambayo yangelituliza tumbo. Jasho linabeba potasiamu. Mahitaji yake ya maji yanapanda. Ng'ombe wa maziwa katika joto anaweza kunywa lita 60 hadi 100 kwa siku, ilhali katika nyumba nyingi ninazozijua ndoo mbili za lita ishirini, asubuhi na jioni, huhesabiwa kuwa ukarimu.

Katika picha hiyo, mmea unaweza kufanya nini? Unaweza kufanya mambo kadhaa, na sitaki kuyadharau. Mafuta yaliyobaki katika mashudu ya alizeti yanampa mnyama nishati bila kuchachuka tumboni, kwa hiyo bila joto lile. Majani ya miti ya jamii ya kunde yanampa protini anayoikosa katika mabua, naye hupata chakula kingi zaidi katika kila mdomo anaoula. Zipo kemikali za mimea, zile za manjano, tangawizi, vitunguu saumu na pilipili, ambazo katika majaribio, mengi yakiwa ya kuku, zimeonekana kupunguza madhara ya joto kwenye chembehai za mwili. Ipo betaini, inayotolewa katika kiazi sukari cha Ulaya, ambayo husaidia chembehai kushika maji. Matokeo ya majaribio hayo hayafanani: jaribio moja linaona faida, la pili halioni, na kipimo kilichomfaa kuku si lazima kimfae ndama. Mtu anayekuuzia mfuko hatakwambia hilo, wala hana faida ya kukwambia.

Hapa nchini tuna kazi zetu wenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walichapisha mwaka 2002 utafiti wa kuwalisha mbuzi majani ya mlonge badala ya mashudu ya alizeti, na mwaka 2004 mwingine wa kuwalisha ng'ombe wa maziwa wa wafugaji wadogo mlonge badala ya mashudu ya pamba. Katika ule wa ng'ombe maziwa hayakupungua, yaliongezeka. Upande wa Kenya, huko Embu, ilionekana miaka ya 1990 kuwa kilo tatu hivi za majani mabichi ya kaliandra hufanya kazi ya kilo moja ya chakula cha dukani. Haya ni maarifa ya Afrika Mashariki, yamelipiwa na kodi na misaada iliyotolewa kwa jina letu, na hayana nembo ya kampuni.

Ila hapa ndipo mfuko wenye picha nzuri unapotudanganya. Mlonge ni mti wa nchi ya joto. Ukiupanda Milanzi baridi ya Julai itaudumaza kama si kuuua. Lusina nao haupendi nyanda za juu, na una sumu iitwayo mimosini, inayomnyonyoa mnyama manyoya na kumvimbisha tezi ya shingo akiulishwa kupita kiasi. Waaustralia waliteseka na sumu hiyo hadi walipochukua bakteria kutoka matumboni mwa mbuzi wa Hawaii na kuwapa ng'ombe wao. Kaliandra inaweza kuvumilia Ufipa wa juu kuliko hao wawili. Mlonge na lusina zina nafasi yake kule chini bondeni, kando ya Ziwa Rukwa, mita 800 tu kutoka usawa wa bahari, ambako Muze na Mtowisa hushinda siku za Oktoba juu ya nyuzi 30. Kati ya Milanzi na Muze ni safari fupi ya kuteremka ukingo wa bonde, lakini ni nchi mbili. Unga uliosagwa na kufungwa mbali haujui kama unakwenda juu au chini.

Wafipa walilijua jambo hili kabla ya yeyote kati yetu kwenda shule. Kilimo chao cha intumba, yaani kufukia nyasi chini ya vichuguu vya udongo zioze ziwe mbolea, kilikuwa jibu la tambarare isiyo na miti na udongo uliochoka. Hakikunakiliwa kutoka bondeni. Nalisema hili kwa wanafunzi wangu kila mwaka, nao huandika kwenye daftari "maarifa asilia" na kupigia mstari, kisha wakihitimu wanaandika maandiko ya miradi yanayofanana kutoka Kagera hadi Mtwara.

Sasa nije kwenye siasa, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu.

Serikali inasema nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 36. Tunapenda kuitaja namba hiyo kwenye majukwaa, kwamba tuko katika nchi za mbele barani Afrika. Tukishuka jukwaani, wale ng'ombe hugeuka kuwa tatizo: wapunguzwe, waondolewe, wafugwe kisasa. "Kufuga kisasa" ni neno ambalo kwa miaka mingi limemaanisha chotara zaidi. Mfugaji akitii, anaachana na ng'ombe aliyeumbwa kwa jua letu na kumpokea mnyama anayehitaji maji mengi, banda zuri, josho kila wiki, na chakula bora. Halafu anaachwa naye. Anapougua, wa kwanza kufika ni muuzaji.

Tunayo sheria. Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo, Na. 13 ya 2010, iko kwa ajili ya mambo haya haya: ardhi ya malisho kwa upande mmoja, na ubora wa vyakula vinavyotengenezwa na kuuzwa kwa upande wa pili. Waliotunga walikuwa na hekima ya kuyaweka mawili hayo pamoja. Sisi tumeyatenganisha. Ukiwa mtumishi wa halmashauri na unanisoma, nakuomba ufanye jambo moja wiki hii: ingia katika duka lolote la dawa za mifugo lililo karibu nawe, chukua mfuko wa unga wa mimea, usome maandishi yake. Angalia kama umeandikwa mmea gani, sehemu gani ya mmea, kiasi gani kwa mnyama wa uzito gani, na lini usitumike. Ule niliounua mimi uliandikwa "mchanganyiko wa mimea maalumu" na kipimo cha "kijiko kimoja hadi vitatu". Mtu mzima mwenye shahada tatu nilisoma hayo na nikalipa.

Naomba pia tusisahau kuwa katika Rukwa mnyama anayeteswa na joto kuliko wote hana titi. Ni maksai. Mkoa huu unalisha nchi mahindi, na sehemu kubwa ya mashamba hayo hulimwa kwa plau za ng'ombe. Kazi hiyo huanza mvua za kwanza zinaponyesha, yaani baada ya miezi sita ya ukame, mnyama akiwa mifupa na jua likiwa kali kuliko wakati wowote wa mwaka. Wazee wa Ufipa hufunga nira alfajiri na kufungua jua likianza kupanda. Huo ndio utaalamu wa msongo wa joto, umekuwapo bila semina. Lakini kijana aliyekodi maksai kwa ekari hafungui nira saa nne, kwa sababu mwenye maksai anangoja na mvua haingoji. Hapo umaskini ndio unaomchoma ng'ombe, na sijui mmea wa kutibu hilo.

Bondeni hali ni nzito zaidi. Tangu miaka ya 1970 na 1980 Wasukuma wameingia Bonde la Rukwa na makundi yao, wakifuata nyasi zilizokwisha kwao. Wenyeji wana malalamiko yao, na mengi ni ya haki: mashamba yaliyoliwa, mito iliyokanyagwa. Lakini Wasukuma hao hao walikuja na kitu tulichoshindwa kukitumia. Kwao kuna ngitili, eneo linalofungwa wakati wa masika ili nyasi na miti vibaki kwa ajili ya kiangazi. Mradi wa HASHI ulioanza Shinyanga mwaka 1986 uliifufua desturi hiyo, na nchi iliyokuwa ikiitwa jangwa ikarudisha kivuli kwenye mamia ya maelfu ya hekta. Ngitili ni kivuli, ni malisho, na ni majani ya miti yenye zile kemikali ambazo leo tunauziwa kwa gramu. Ilitaka jambo moja tu: mwenye kuifunga awe na uhakika kuwa kiangazi kitamkuta bado yuko pale. Mfugaji anayeishi kwa kusubiri operesheni ya kumwondoa hapandi mti. Atanunua unga, kwa kuwa unga unabebeka.

Nimeambiwa na rafiki mmoja mtafiti kwamba ninaonea sayansi, kwamba nyongeza hizi ni hatua ya gharama nafuu wakati tukisubiri mambo makubwa. Hoja yake ina uzito. Mtu hawezi kumwambia shangazi yangu asubiri mpango wa matumizi ya ardhi wakati ng'ombe anahema leo. Lakini leo hiyo hiyo kuna mambo ya bei ndogo kuliko unga. Kulisha jioni badala ya mchana, ili tanuri liwake usiku wa baridi, hakugharimu shilingi. Nyasi juu ya bati zinagharimu nguvu za vijana wawili kwa siku moja. Pipa la maji lililojaa mchana kutwa linagharimu mgongo wa mtu, na kwa kawaida ni mgongo wa mwanamke. Basi hapo bomba la kijiji linakuwa suala la mifugo pia, ingawa katika bajeti liko wizara nyingine. Na kipimajoto, kile cha kawaida cha kuingiza nyuma ya mnyama, ni cha bei ndogo kuliko mfuko nilioununua. Kingetuambia nyuzi 41 asubuhi ya baridi, jua likiwa halijatoka, na hata mimi ningejua kuwa hilo si joto la hewa.

Hilo ndilo ninalorudi kwalo kila nikifikiria ule mwezi. Unga haukumdhuru mtamba. Ulichukua nafasi ya swali. Kwa siku tatu hakuna aliyemshika shingo, kwa sababu jibu lilikuwa limeshapatikana, tena lilitoka kwa msomi wa ukoo. Ninahofu kwamba katika ngazi ya wilaya na ya taifa tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa miaka, tukihesabu mifuko iliyogawiwa na kuiandika kwenye ripoti za kuhimili mabadiliko ya tabianchi, huku majosho yakikauka na kata nzima ikimgawana afisa ugani mmoja na kata ya jirani.

Agosti iliyopita nilikwenda Milanzi. Shangazi ana ng'ombe mwingine, chotara wa damu ndogo zaidi, mwenye hasira na anayekula chochote. Ukuta wa upande wa upepo umebomolewa nusu na kuwekwa fito. Wakati wa baridi huzibwa kwa magunia. Juu ya bati pana tabaka nene la nyasi, ambazo kuku wameshaanza kuzichakura. Kwenye mpaka wa shamba ameotesha kaliandra. Baadhi imeliwa na mbuzi wa jirani, na ugomvi wake bado unaendelea. Mfuko wangu wa unga uliobaki anautumia kuhifadhia mbegu za maharage.

Kipimajoto kimefungwa uzi na kutundikwa kwenye msumari, juu kidogo ya taa. Siku hizi nikimpigia simu, kabla sijamaliza kusema shikamoo, yeye hutangulia: "Marahaba. Thelathini na nane na nusu, baba, nimempima asubuhi. Haya, watoto hawajambo?"